Uzi wa Buku

Donge moja buku. Matatu, buku mbili na jero,
ukijua kuomba. Mimi najua kuomba.

"Hauchuji huu, mama," akaapa kijana wa Mtaa wa Congo,
akaulamba kabisa, akanitolea ulimi niukague.
"Ukichuja nirudishie, na nauli yako nakupa."

Uzi wa buku nautambua gizani.
Unakwaruza kidole kama ulimi wa paka,
una fundo kila baada ya pima mbili,
fundo la kiwandani, la mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwao.
Usogeze karibu na kibatari: unasinyaa, unanuka ndoo iliyoungua.
Wanauita sufu. Haujawahi kumwona kondoo.
Lakini unafumika.

Sindano yangu ni spoki ya baiskeli.
Marehemu Kibwana aliikunja ncha kwa koleo,
akainoa kwenye kizingiti mpaka ikaacha kung'ata uzi.
Kwa spoki hii nimevika makochi ya nusu ya Mbagala,
tausi hapa, zabibu pale,
na nikikosea navuta ncha tu,
mstari mzima unarudi kuwa uzi, umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa.
Kufuma, kufumua:
silabi moja
kati ya kazi ya wiki na kazi ya dakika.

Sikudhani alijifungua mimba ya miezi saba, pale Amana.
Kilo moja na robo.
Nimebeba mchele wa futari mzito kuliko huo.
Muuguzi akasema: joto. Ngozi kwa ngozi, kifuani kwa mama, na kofia.
Kofia! Dar es Salaam, mwezi wa pili,
feni yenyewe inatafuta wa kuipepea.
Nikapigiwa simu mimi.

"Kichwa kama chungwa, mama mdogo.
Si la Muheza. Dogo."

Nikanunua chungwa. Nikalivika, nikalivua,
nikafumua, nikafuma,
na adhana ya alfajiri ikalikuta chungwa limevaa buluu
na mimi sina moyo wa kulimenya.

Siku ya tatu, saa tisa mchana,
jasho la mama limelowesha kila kitu,
muuguzi Nsia akafunua khanga, akapiga ukelele.
Mtoto wa buluu.
Paji buluu, masikio buluu, hadi kisogoni.
Akaita daktari, akaita oksijeni,
viatu vikakimbia sakafuni,
Sikudhani mdomo wazi, sauti hana,
na mimi mlangoni na chupa ya uji
nikaona, juu ya titi la mama,
duara la buluu
kama muhuri wa posta.

Mwizi hufumaniwa na mwenye mali.
Mimi nilifumaniwa na uzi wangu mwenyewe.

Nikalamba kidole, nikapangusa lile paji. Chini yake
ngozi nyekundu, yenye hasira,
na mwenyewe akalia, kilio chembamba
cha bawaba isiyotiwa mafuta.
Sikudhani akacheka mpaka mshono ukamuuma.
Nsia hakucheka. Alinifokea mbele ya wodi nzima,
akanifokea na kwenye ngazi,
kisha jioni, zamu imeisha, akanifuata getini, mkoba begani:
"Nifumie mbili. Nyeupe. Za mtoto wa dada yangu."

Mtaa wa Congo sikurudi kudai nauli.
Nilirudi kununua. Imepanda, buku na mia mbili,
na kijana bado analamba.

Siku hizi naloweka kwanza, chumvi na siki, usiku kucha.
Asubuhi namwaga ndoo ya buluu mbele ya mlango,
na mtoto mmoja wa darasa la pili,
ambaye cheti kinamwita Abdulkarimu
na mtaa mzima unamwita Buluu,
analiruka lile dimbwi kwa mguu mmoja
akiwahi namba, kichwa wazi,
jasho linamtiririka, halina rangi.